Mkono Juu ya Machela

Waliotutangulia katika imani wametuachia habari ya Ketura, mjane mcha Mungu wa siku zile makanisa ya milimani yalipokuwa bado ya matete. Bwana ampumzishe kwa amani. Kanisa la kwao lilikuwa na desturi: mtu akifa na shauri ambalo halijaisha kati yake na mwenzake, maiti yake haipitishwi lango la makaburini mpaka yule mwenzake aweke mkono juu ya machela. Desturi njema, ilikusudiwa kupatanisha watu. Lakini binadamu, jamani, hata rehema ataigeuza rungu.

Mumewe Ketura, jina lake Sila, alishitakiwa na jirani yao Zabuloni kwamba ameonekana msituni akichinja mbuzi wa tambiko. Uongo mtupu! Ugomvi wao ulikuwa mpaka wa migomba, na kijiji kizima kiliujua. Wazee wa kanisa wakaamini bila kuuliza mara mbili, wakamtenga Sila na Meza ya Bwana, na homa ikamchukua akiwa bado ametengwa. Walipomfikisha langoni, Zabuloni akakunja mikono. Ketura alimsihi, akapiga magoti, akakaa pale juani mpaka watu wakaanza kuondoka. Sila akazikwa nje ya ua wa minyaa, bila sala, kama mzoga.

Tangu siku ile Ketura alikuwa na ombi moja, wala hakumficha Mungu: aishi mpaka Zabuloni afe, naye akunje mikono. Alikwenda ibadani, alifunga, alilisha yatima, na uchungu ukamla ndani kama mchwa alavyo nguzo. Wazee wakamwambia kila mara asamehe, yaliyopita si ndwele. Rahisi kwao! Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Hatimaye Zabuloni akaugua, na kabla ya kukata roho akakiri mbele ya wazee kwamba alimsingizia Sila. Wazee walewale, waliomwamini kwa neno lake moja, sasa ndio waliowaka hasira kuliko wote. Siku ya maziko mkubwa wao, mzee Onesforo, alimwendea Ketura pale langoni, akamwambia kwa upole kwamba hana haja ya kusema lolote. Akunje mikono tu, huyu naye azikwe nje, na haki itakuwa imetendeka.

Ketura akatazama. Kando ya machela alisimama Eunike, mjane wa Zabuloni, jasho likimtiririka, macho chini, na hakuna hata mtu mmoja aliyethubutu kusimama naye. Ketura alipajua mahali pale. Alizijua hata kokoto zake kwa magoti. Ghadhabu ikampanda, lakini safari hii haikumwelekea marehemu. Akaenda akaweka mkono juu ya machela.

"Alichotenda kilikuwa kiovu, na hata leo ni kiovu," akasema. "Nimemsamehe kwa sababu Bwana wangu amenisamehe mimi. Na msimtupe mtu kwa jina langu."

Onesforo akaanza kumsifu kwa moyo wake laini, lakini Ketura akamkatiza.

"Mzee wangu, siku ile hakuwa Zabuloni peke yake. Na ninyi mlikuwepo."

Akamshika Eunike mkono, wakapita langoni pamoja nyuma ya machela.

Kesho yake wazee walikwenda kwenye kaburi la Sila, wakavua kofia, wakasali sala waliyomnyima, kisha wakamwomba mjane radhi. Hakuwajibu papo hapo, maana hakutaka kumwambia Mungu uongo. Husemwa kwamba Ketura alimsamehe Zabuloni kwa asubuhi moja. Wale wazee aliwaombea mpaka mvua za mwaka uliofuata, ndipo alipoweza kuwapa mkono bila unafiki.

Msamaha ni amri ya Bwana, ndugu zangu, na Ketura aliitii. Lakini wewe unayekimbilia kumhubiria aliyeumizwa, jiulize kwanza ulikuwa umesimama wapi siku alipokuwa akiumizwa.