Siri Iliyokwama Kwenye Gia

Wahenga waliosema mficha uchi hazai hawakukosa adabu. Walimaanisha kwamba mwenye shida akiificha kwa sababu ya haya, hatapata wa kumsaidia, na shida itakua hadi imzidi kimo. Mwenye mtoto na amsomee hadithi hii mapema.

Drusilla wa Nyaramba alikuwa shemasi wa kanisa la Sabato, lisiloruhusu kazi siku ya Jumamosi, mama mwenye moyo laini na ulimi mkali kama pilipili. Wiki hiyo usingizi ulimpaa. Nyakerario, mke wa mwanawe Duke, alikuwa na mimba ya miezi tisa na mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Daktari alisema afike hospitalini Kisii Alhamisi asubuhi kwa upasuaji, na uchungu ukianza mapema, asicheleweshwe hata kidogo.

Nalo gari la familia lilikuwa likiugua. Drusilla alikuwa ameona kipande cha utepe mweusi karibu na usukani. Alipokibandua, taa ya injini ikamkodolea jicho jekundu.

"Hiki ulikiweka cha nini?"

"Urembo tu, mama," Duke akajibu.

Jumatano walimpeleka Nyakerario kliniki. Mlimani gari likang'ang'ania gia moja, likapanda likikohoa kama mzee mvuta tumbaku. Mchuma chai mwenye kikapu mgongoni akawapita, akawaamkua, akaenda zake. Drusilla akajiuliza moyoni. Je, kama ingekuwa kesho?

Baada ya kliniki walijikokota hadi Sironga, kwa fundi aliyeitwa Bochaberi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye ovaroli lililolowa grisi, na sifa zake zilikuwa zimevuka vilima. Alichomeka mashine yake ya kusoma kasoro, akatazama alama ya kasoro kwenye kioo, akaguna.

"Mafundi wengine walifuta tu hiyo alama," Duke akamwambia. "Futa twende."

"Ukimfuta mgonjwa jasho, hujamtibu malaria." Aliifuta ili waone. Akawasha injini, na kabla gurudumu halijasogea taa ikarudi. "Mmeona? Huu si ugonjwa wa uchovu. Huu umepandikizwa."

Hakushika spana. Alijikunja chini ya dashibodi kwa tochi, akasoma nambari ya kompyuta ya gari, akaenda kuilinganisha na ile iliyobandikwa mlangoni, kisha akarudi kuisoma tena. Drusilla alimtazama kwa mshangao: kumbe ufundi ni subira!

"Injini na giaboksi hazisikilizani," Bochaberi akasema hatimaye. "Gari hili ni la otomatiki, lakini kompyuta yake ni ya gari la klachi. Inangoja klachi ambayo haipo, ndiyo maana gia zimegoma. Gari halizaliwi hivi. Kaka, nani aliibadilisha? Ile ya kwanza iliharibiwa na nini?"

"Hakuna kitu kimebadilishwa."

"Nataka kujua, maana kama ni maji, nyaya nazo zimeoza. Nikitibu kompyuta peke yake, gari litawazimikia katikati ya mlima."

"Nimesema hakuna."

"Kaka, mficha uchi hazai."

Duke akainamisha macho. Drusilla akavuta leso yake hadi kidevuni. Kwa Kiswahili methali hiyo haina kosa, lakini kwa Wagusii kuna chinsoni, haya iliyowekwa kati ya mzazi na mtoto, na neno lile halitamkwi mama na mwanawe wakiwa pamoja. Masikio yalimwaka moto Drusilla. Kisha akamwona Nyakerario ameketi upande kitini, mkono chini ya tumbo, na haya yote ikamtoka. Alielewa kwamba mwanawe hakuwa akimficha fundi. Alikuwa akimficha yeye.

"Duke, baba. Kama ni mimi unayeniogopa, sema. Leo ulimi wangu nimeuacha nyumbani."

Duke akamgeukia mama yake. "Ilikuwa Sabato, mama. Mkiwa kanisani nilibeba ndizi kupeleka sokoni Nyamache. Mto ulikuwa umefurika, nikauvuka. Maji yakafika kwenye viti. Kompyuta ikafa, nikanunua kuukuu."

"Sabato uliyosema una homa? Na mimi nilisimama mbele ya kanisa zima nikakuombea!"

"Omong'ina, mama yetu mzee, ulimi umetufuata," Bochaberi akasema, na hata Nyakerario akacheka akishika tumbo.

Sasa mikono ilijua pa kwenda. Bochaberi alikunjua zulia la gari, na chini yake kiungo cha nyaya kilikuwa kimeota kutu ya kijani kama mwani. Alikisugua, akakata nyaya zilizooza, akaunga mpya. Ndipo akaingiza kwenye kompyuta ile maelezo ya giaboksi halisi ya gari, taratibu, akiyasoma kwa sauti. Akafuta alama, akawasha. Wote wakatazama taa bila kupumua. Haikurudi. Akalipandisha mlimani, na gia zikabadilika laini kama siagi.

"Mwanangu, nani alikufundisha?" Drusilla aliuliza.

"Magari, mama. Nayauliza, nayo yananijibu. Wenye magari ndio wagumu."

Alhamisi kulipopambazuka, uchungu ulianza kabla ya saa waliyopangiwa. Duke akashika usukani, Drusilla akashika mkono wa mkaza mwanawe, na gari likapanda vilima vyote vya Nyamira hadi Kisii bila kusita. Madaktari walimpokea mlangoni wakikimbia. Hata jua halijakolea, mtoto wa kike akalia.

"Mngechelewa kidogo tu, mama, tungekuwa na habari nyingine," muuguzi akamnong'oneza Drusilla.

Drusilla akageuka. Akamvuta Duke kifuani, na mbele ya wodi nzima akamtamkia mwanawe kwa sauti, bila haya: mficha uchi hazai.