Mdogo Wake Lugano Aitwe Nani?

Sogezeni viti, na safari hii msiniachie kesi peke yangu. Imekwishawashinda watu wazima wa kata nzima, kule milimani kwenye mashamba ya chai.

Walikuwapo watu watatu. Bibi Tusekile alikuwa na macho ya kuona kile ambacho wengine wamechoka kukitazama. Gwakisa, fundi miwani wa sokoni, alikuwa na kipaji adimu kwa mwenye duka: alijua kusema “hili siliwezi.” Na Daktari Anyisile, mpasuaji wa hospitali ya mkoa, alikuwa na mikono isiyotetemeka.

Na alikuwapo mtoto wa kike, Lugano, wa miaka saba, mjukuu wa Bibi Tusekile.

Lugano alianza kutapika. Asubuhi tu, kabla hata ya chai. Ikifika saa nne anacheza rede na wenzake. Zahanati wakampa dawa ya minyoo. Wakampa tena. Wakampa ya malaria, na malaria hana. Mwalimu akasema anakwepa shule. Mama yake, Sekela, aliwaamini wote kwa zamu, maana wote walikuwa watu wema, na wote walikuwa na haraka.

Bibi Tusekile akachukua mkaa. Kila mtoto alipotapika akachora mstari mmoja kwenye mlango wa jiko: wa asubuhi juu, wa jioni chini.

“Mama, unachafua mlango,” Sekela alilalamika.

“Mlango utaoshwa. Wewe hesabu.”

Mistari thelathini na mmoja, na hakuna hata mmoja wa jioni. “Minyoo gani hii inayotazama saa?” bibi akauliza. Kisha akaona mtoto anatembea kwa kushika ukuta. Watu wakasema ni macho, akapimwe miwani.

Gwakisa akamsomesha herufi ukutani, Lugano akazisoma zote. Angeweza kumuuzia miwani ya urembo yakaisha. Badala yake akasikiliza habari za asubuhi za bibi, akachukua kurunzi yake ya kuchungulia ndani ya jicho, akatazama la kulia, akatazama la kushoto. Neva za nyuma ya macho zilikuwa zimevimba.

“Bibi, ugonjwa hauko machoni. Kuna kitu kinasukuma kutoka ndani ya kichwa. Mimi mwisho wangu ni hapa.”

Akaandika barua, akafunga duka, akawapeleka mkoani. Dirishani karani akaisoma, akairudisha.

“Barua ya fundi miwani haimwingizi mtu kwenye mashine ya kupiga picha ya kichwa. Anzieni zahanati.”

“Zahanati ndiko tulikotoka, dada yangu. Mara tatu.”

“Ndio utaratibu, kaka.”

Gwakisa akakaa kwenye benchi siku mbili, akimsimamisha kila daktari anayepita: “Mtazame macho tu. Dakika moja.” Wanane walipita. Wa tisa akatazama, na jioni ile ile Lugano akaingizwa kwenye mashine.

Picha ikaonyesha uvimbe nyuma ya kichwa, mkubwa kama limau, umeziba njia ya maji ya ubongo. Daktari Anyisile akasimama kwa muda wa saa saba akiutenganisha kidogo kidogo, mahali ambapo mkono ukiteleza mtoto hamezi tena. Akautoa wote. Ulikuwa wa aina isiyosambaa. Leo Lugano anayumba kidogo akikimbia, lakini anakimbia.

Sasa sikilizeni kilichowavuruga. Sekela alikuwa mjamzito, na pale kwenye korido ya hospitali aliweka nadhiri: atakayezaliwa atapewa jina la aliyemwokoa dada yake. Kwao jina si pambo. Mwenye jina huwa somo wa mtoto, na ana kauli katika malezi yake mpaka ukubwani. Na somo ni mmoja.

Mtoto ana wiki sita. Kadi ya kliniki bado imeandikwa “Mtoto wa Sekela.”

“Nilisema tangu mstari wa tano,” bibi anasema. “Mkaniambia nachafua mlango.”

“Na mistari yako ingebaki mlangoni, bibi,” Gwakisa anajibu.

“Na barua yako ingebaki mfukoni,” anasema Daktari Anyisile.

“Wewe, mwanangu, kupasua ndiyo kazi yako,” bibi anamgeukia. “Mimi nani aliniajiri kuhesabu matapishi?”

“Kwa hiyo, bibi, mwenye kazi hashukuriwi?”

Sekela akashindwa kuvumilia. “Nimechoshwa na dawa za minyoo! Nimechoshwa na lile dirisha! Sasa mnanichosha nyinyi mnaonipenda? Nitampa majina yote matatu!”

Wazee wa ukoo wakakataa: mtoto mwenye somo watatu hana somo.

Na leo ni Jumapili ya ubatizo. Mtoto yuko mikononi mwa mchungaji, naye ameuliza jina mara ya pili. Watatu wale wamekaa benchi la mbele, hakuna anayemtazama mwenzake. Sekela amefumbua kinywa, na kanisa zima linamsubiri.

Mimi nimewapima mpaka kichwa kimeniuma. Kila ninapomwondoa mmoja wao, Lugano anakufa. Haya, nisaidieni: kama ungekuwa wewe ndiye Sekela, ungetaja jina la nani?