Daraja la Profesa Kiboko

—Paukwa!
—Pakawa!
—Pakawa kiti!
—Kiti cha mkubwa.
—Pakawa kazi!
—Kazi ya mdogo.

Haya, mmejibu vizuri mno, sijui nani kawafundisha. Sogeeni basi.

Hapo kale wanyama walikuwa na chuo, na chuo kilikuwa na idara ya udongo. Mkuu wa idara alikuwa Profesa Kiboko, tumbo hilo! Mtafiti wake alikuwa Bi Nyigu, kiuno uzi. Bi Nyigu aliujua udongo: upi unapasuka, upi unanyonya maji, upi ukichanganywa na mate unakuwa mgumu.

Bi Nyigu akikanda udongo, zii-zii-zii, Kiboko anapiga miayo. Bi Nyigu akivunja vipande kupima ugumu, ta! ta! ta!, Kiboko anapiga miayo. Bi Nyigu akimaliza kuandika makala, Kiboko macho kodo!

"Lete kalamu!"

Anaandika jina lake mbele. Hasomi hata mstari.

Sasa Kasuku, karani wa chuo, kazi yake ilikuwa kuhesabu kila mtafiti ametajwa mara ngapi katika makala za wenzake. Alihesabu jina la kwanza tu. La pili, alisema, linamkausha koo. Kiboko: mara mia tisa. Nyigu: sufuri. Mara likatoka tangazo: asiyefikisha mia kabla ya mavuno, ahame maabara.

Bi Nyigu akalia. Jamani, alilia kweli. Wanawe walikuwa ndani ya kuta za maabara ile, hawajaota mbawa. Angewahamishia wapi?

Akaenda kwa mkubwa.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Makala iko wapi?"

"Naomba mara hii moja tu, jina langu litangulie."

"Ala! Adabu umeiacha wapi? Sikio halizidi kichwa!"

Bi Nyigu akajibu: "Basi, Mzee, ijayo iwe yako peke yako. Mimi nisiwemo kabisa."

Kiboko akacheka mpaka magego yakaonekana. "Sasa unaongea kama mtu mzima!"

Bi Nyigu akaandika makala ya daraja la udongo mwepesi. Ukurasa wa kwanza, sifa za daraja. Ukurasa wa pili: mtafiti atalivuka mwenyewe mbele ya Baraza la chuo. Ukurasa wa tatu: daraja linabeba nyigu, sisimizi na mjusi mwembamba, mwenye tumbo asithubutu. Hakuna uongo hata chembe.

"Mzee, soma kwanza."

"Nisome nini? Si mimi niliyeandika?"

Siku ikafika. Daraja likatandazwa juu ya korongo lenye tope, Baraza likaketi. Kasuku akasoma ukurasa wa kwanza, makofi. Akasoma wa pili: "Mtafiti avuke!"

Kiboko akamgeukia Nyigu. "Haya, vuka!"

"Mimi nani, Mzee? Jina langu halimo."

Kasuku akafungua ukurasa wa tatu. Kiboko akanguruma, "Funga makaratasi! Kwani kazi yangu siijui?"

Akakanyaga mguu wa kwanza, ta! Mguu wa pili, ta! ta! Mguu wa tatu, ta! ta! taa... Chubwi! Ndani ya tope, masikio tu juu. Siku mbili wanamvuta kwa kamba.

Siku hizo mbili Bi Nyigu akaandika makala nyingine: kwa nini daraja la Kiboko lilivunjika. Jina moja tu, lake. Mchwa wakaitaja, panya wakaitaja, kila ajengaye akaitaja. Mavuno yalipofika, Nyigu alikuwa ametajwa mara mia tatu. Wanawe wakatoboa ukuta, wakarukia humo humo maabara, na mama yao akalia tena, safari hii kwa furaha.

Lakini ngojeni. Kila aliyemtaja Nyigu ilibidi aitaje na makala ya daraja, yenye jina la Kiboko. Kasuku akahesabu: Kiboko, mara elfu moja na mia mbili! Haijawahi kutokea. Akavishwa nishani, tope bado masikioni, akawashukuru wote wanaosoma kazi zake. Kisha akamwinamia Nyigu, akamnong'oneza:

"Hivi, Bi Nyigu, niliandika nini mle?"

Funzo, wanangu: mheshimuni mkubwa, jina lake litangulie daima, hasa kazi ikiwa ya kuvunjika. Na kusoma ni kupoteza muda.

Yangu yamekomea hapo. Yakiwa matamu, semeni nimetunga mimi. Yakiwa machungu, kaandika Profesa.