Eda ya Pango la Chewa

Fumbeni macho kidogo, wanangu. Oneni bahari chini, chini kabisa, ambako mwanga wa jua umebaki buluu kidogo tu. Huko, hapo zamani za kale, palikuwa na pango la samaki chewa, la mwisho lililobaki katika mteremko mzima wa miamba.

Papa alikuwa amemmeza baba wa nyumba hiyo, dume pekee. Sasa akarudi, vuuu!

"Nyumba haina mume! Tokeni, pango langu!"

Bi Mwanakombo, chewa jike mkubwa kuliko wote, alikuja mlangoni, mdomo wazi. Wenziwe walikuwa wadogo, hata umri wa kuzaa hawajafika. Lakini Uduvi, aliyekuwa akimsafisha meno, akachungulia kutoka mdomoni mwake.

"Shikamoo, Bwana Papa! Loo, huoni haya kufukuza wafiwa? Ngoja eda iishe, miezi minne na siku kumi."

Papa akaona haya kweli. "Na ikiisha?"

"Ukikuta dume mlangoni, uende usirudi. Usipomkuta, pango lako. Ila wewe nakujua! Utasinzia, dume mgeni apite."

"Mimi nisinzie? Nitalinda usiku na mchana!"

"Apa mbele ya jirani yetu Pweza, yule pale mwambani, awe shahidi."

"Naapa!"

Uduvi akarudi mdomoni, akanong'ona, "Bibi, siku zitatosha?"

"Zitatosha, mwanangu. Wewe mshughulishe huko nje tu."

Basi Papa akazunguka. Zuu, zuu! Hata dagaa hakupita. Kila asubuhi Uduvi alimpigia kelele, "Bwana Papa, umelala?"

"Sijalala, we kidudu!"

Eda ikaisha. Papa akaja amekonda, anacheka. "Haya, yuko wapi dume wenu?"

Mlangoni akatokea chewa dume, rangi imekolea, kifua mbele.

"Ha! Umepita wapi wewe?"

"Sikupita popote. Mimi ndiye niliyekuwa Bi Mwanakombo. Kwetu, baba akiondoka, mama aliye mkubwa kuliko wote hugeuka baba. Ndivyo tulivyoumbwa, na tunajivunia."

"Uduvi! Ulijua?"

"Nasafisha meno ya nyumba hii, nisijue?"

Pweza akapiga makofi kwa mikono yote minane, pa-pa-pa-pa! Papa akageuka, akaenda zake moja kwa moja.

Mwenye nguvu asiyewajua jirani zake hushindwa na mdogo anayewajua.

Nanyi, wanangu, nawaomba mkumbuke jambo moja tu: chewa mkubwa huchukua miaka mingi kuwa mkubwa, na nyumba nzima humtegemea; basi mkienda kuvua, mwacheni.