Neno Walilolificha Tumbili

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa tena, maana huko nyuma sijawasikia!

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale paliondokea tumbili, ukoo mzima, wakikaa kwenye mikuyu kando ya mto. Walikuwa na maneno matatu waliyoyathamini kuliko tini mbivu. Kila asubuhi, kabla ya kula, akina mama waliwafunza watoto. "Chui!" Watoto kwaru, kwaru, juu kwenye vitawi vyembamba. "Chatu!" Wima kwa miguu miwili, macho nyasini. "Tai!" Chini, mbio, ndani ya kichaka cha miiba. Asiyefanya hakupewa tini. Kusema tu, hata mwangwi unasema.

Siku moja Tai akamchukua Chiku, mtoto wa kwanza wa Mama Chiku. Chiku alilijua neno. Alikimbia, lakini miguu yake ilikuwa mifupi. Halikuwa kosa la mtu.

Tangu hapo, neno "tai" likitajwa, Mama Chiku huanguka chini, puu! Hulia mpaka sauti ikakauka. Mwishowe akamwendea kaka yake Kirungu, mlinzi wa ukoo, aliyekaa tawi la juu kabisa.

"Kaka, nakuomba. Neno lile lisitajwe tena."

"Na mwenyewe akija, dada?"

"Sema 'Yule.' Sote tunamjua."

Kirungu akakubali. Ukoo wote ukakubali. Bibi Siwa peke yake, aliyekuwa amebakiwa na meno mawili, akauliza, "Neno mmeliondoa. Na ndege mmemwondoa?"

Wakamwambia, "Nyamaza, bibi, huna huruma." Na mimi ningekuwepo ningemnyamazisha vilevile. Nani asiyemhurumia mama aliyefiwa?

Mama Chiku akajaliwa mtoto mwingine, Mwaka. Akaanza kucheka tena. Mwaka akakua, na wenzake wakakua. Asubuhi wakafunzwa: chui, chatu. Chui, chatu. La tatu hawakulisikia kamwe.

Adhuhuri moja ya kiangazi, kivuli kikapita juu ya mikuyu. Kirungu akakiona. Neno likamfika kooni. Akamtazama dada yake pale chini, akalimeza.

"Yule! Yule! Yule!"

Wakubwa wakatumbukia kichakani. Watoto wakabaki wanatazamana.

"Yule nani?"

"Ngojeni nikamwone," akasema Mwaka. Kwaru, kwaru, akaupanda mkuyu mpaka kileleni, akasimama mahali peupe.

Kichakani Mama Chiku akageuka, mtoto hayupo. Akatoka mbio, akapiga ukelele. "Tai! Mwanangu, tai! Tai!"

Mwaka alimsikia vizuri kabisa. Akainama kutoka kule juu, akauliza, "Mama, tai ni nini?"

Vuuuu!

Tini tatu zikaanguka. Po. Po. Po. Kileleni Mwaka hayupo.

Kirungu akashuka. "Nilikuwa nalo kooni, dada. Nilikuwa nalo."

"Mimi ndiye niliyekuziba mdomo, kaka," akasema Mama Chiku.

Bibi Siwa hakusema "niliwaambia." Alimkumbatia Mama Chiku, wakalia pamoja siku ile yote.

Kulipokucha, Mama Chiku akaenda kusimama mbele ya watoto wa wenzake. Wake hakuwapo hata mmoja. Akafungua mdomo, neno likakataa kutoka. Akajaribu tena.

"Tai."

Watoto wakamkodolea macho. Basi akamshika mkono aliye mdogo kuliko wote, akakimbia naye mpaka kichakani. Miiba ikawachoma wote wawili.

"Umeona?" akamwambia. "Hizi mbio, hii miiba, huku kujificha, ndiyo tai. Nikisema, ujue ni hivi. Haya, tena."

Akawafunza mpaka jua likapanda. Kesho yake akawafunza tena. Kila akilitamka, sauti ilimkatika. Hakuacha siku hata moja mpaka alipozeeka.

Enyi watoto, na nyie wakubwa mnaojifanya hamsikii: neno asilofunzwa mtu maana yake ni kelele tu, hata likitamkwa na mama mzazi. Na kulificha neno chungu hakuliondoi jambo lenyewe, kunawaacha watoto bila kinga.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyelia afute machozi, kisha akamfunze mdogo wake.