Somo Ambalo Nguchiro Hakulisubiri

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga, wakipika na kualikana kama sisi, palikuwa na kijiji kilichochoka. Kisima kilikuwa tope tupu, miti imebaki visiki, taka zimerundikana mpaka milangoni. Wakubwa wa kijiji hicho walikuwa Bi Ndovu na Bwana Nyati. Nguvu walikuwa nazo, lakini kila walikohamia, baada ya muda paliharibika vilevile.

Mwisho Bi Ndovu akasema amechoka kuhama. Alikuwa amesikia habari za Mchwa, ambao kichuguu chao kilisimama tangu enzi za babu zake, na kwamba walifundisha namna ya kujenga kijiji kinachodumu. Sharti lilikuwa moja: mwanafunzi akae kwao mwaka mzima, alale kwao, ale chakula chao, afanye kazi zao.

Bi Ndovu hakuenea mlangoni mwa kichuguu. Bwana Nyati alijaribu, pembe zikakwama. Basi akatumwa Nguchiro, mdogo wa mwili, mwepesi wa ulimi. Kijiji kizima kikamfungia chakula cha njiani na kumsindikiza kwa vigelegele.

Mwalimu wake alikuwa Bi Mchwa, mama wa maneno machache.

"Kila msimu una somo lake hapa," alimwambia. "La mwisho ni la maji. Hilo hatulifundishi mpaka mvua zifike."

Nguchiro alikuwa na akili, hilo siwafichi. Upesi alijua jinsi ya kuacha matundu juu ya nyumba ili joto litoke, na jinsi taka zinavyogeuzwa mbolea ya kuoteshea uyoga. Lakini kubeba udongo kutwa kulimchosha. Mwezi wa nne akajiambia, maji ni ya kunywa tu, nani asiyeyajua? Asubuhi moja akaaga kwamba anakwenda kuchuma majani. Njiani akafinyanga kibonge cha udongo, akakichora kwa ukucha wake, akakiita muhuri wa kufuzu. Akarudi nyumbani.

Aliwaeleza wanakijiji kwamba alikuwa hodari mno, ndiyo maana Mchwa wamemaliza naye mapema. Wakaupokea ule muhuri kwa mikono miwili. Kuanzia siku hiyo wakamwita Mwalimu.

Walipouliza wajenge wapi, akawaonyesha bonde dogo karibu na mto, penye udongo laini na kivuli. Alipachagua kwa kuwa hakutaka kutembea mbali.

Bwana Nyati akasita. "Mwalimu, samahani. Mbona nyasi za pale zote zimelalia upande mmoja?"

"Bwana Nyati," akasema Nguchiro, "kati yangu na wewe, nani aliyekaa kwa Mchwa?"

Nyati akainamisha pembe, akaomba radhi.

Basi kazi ikaanza. Bi Ndovu akabeba magogo, Bwana Nyati akashindilia sakafu, ndi! ndi! ndi!, kutoka alfajiri hadi magharibi. Nguchiro alijilaza kivulini akielekeza kwa mkia. Na kijiji kilipendeza kweli. Nyumba zilikuwa na ubaridi, bustani zilistawi, ghala lilijaa. Nguchiro akapewa nyumba nzuri kuliko zote, na kila chakula kilianzia kwake.

Kisha zikaja mvua. Siku ya tatu mto ukairudia njia yake ya zamani, iliyopita katika bonde lile lile. Maji yalishuka vuuu, yakazoa bustani, yakazoa ghala, yakabomoa nyumba moja baada ya nyingine. Gogo likamwangukia Tabu, binti wa Bwana Nyati. Alipona, ila mguu wake haukunyooka tena.

Kulipokucha walikusanyika mlimani, wamelowa. Bi Ndovu akamfariji Nguchiro, akamwambia asijilaumu, mvua ni ya Mungu. Bwana Nyati alikuwa akimfunga binti yake mguu.

"Kosa ni langu," akasema. "Sikushindilia vya kutosha. Ningekanyaga siku mbili zaidi, mwanangu angetembea."

Nguchiro akafungua kinywa. Neno lilikuwa pale pale mwisho wa ulimi: si wewe, ni mimi. Lakini wote walikuwa wakimtazama kwa heshima, naye akaona aibu.

"Pole, Bwana Nyati," ndilo alilosema.

Baada ya siku chache akaondoka bila kuaga, akarudi kwa Bi Mchwa. Bi Mchwa hakumuuliza kitu, alimpa udongo abebe. Akaanza upya, mwezi wa kwanza hadi wa mwisho. Mvua zilipofika, Bi Mchwa akampandisha juu ya kichuguu, akamwambia atazame maji yanakopita na asiseme neno. Nguchiro akatazama. Akaona jinsi kila kijito kilivyokuwa na njia yake, na kichuguu kimejengwa pembeni ya zote. Somo lenyewe lilichukua asubuhi moja tu.

Akakimbia hadi nyumbani. Alimkuta Bi Ndovu na wachache waliobaki. Akamweleza yote, udongo wa njiani, ukucha, somo alilolikimbia. Kisha akamuuliza Bwana Nyati yuko wapi.

"Alihama na watu wake," akasema Bi Ndovu. "Alisema hastahili kujenga tena palipo na watoto wa wenzake. Hatujui alikokwenda."

"Nataka nimwambie."

"Ungemwambia siku ile, Nguchiro. Alikuwa mbele yako." Bi Ndovu akainua gogo kwa mkonga. "Haya, nionyeshe pa kujenga."

Wakajenga mwinukoni, na kijiji hicho kilidumu. Kila mgeni aliyepita, Nguchiro alimuuliza kama amekutana na Nyati mwenye binti anayechechemea. Hakuna aliyekutana naye.

Basi wanangu, shikeni hili: ujuzi wa nusu hubomoa nyumba, na ukweli uliochelewa hauijengi tena.