Uji wa Mkongeni

Mwenye kikombe cha uji mkononi akiweke chini kwanza, maana hautashuka.

Kijijini Mkongeni walikuwapo watu watatu wenye vipaji. Semboja alijua kuchemsha makapi ya mkonge kwa magadi, kuyasuuza, kuyaanika na kuyasaga, hadi yakawa unga mweupe usio na ladha wala harufu, ambao ukiingia maji unavimba. Kidawa, mpishi wa jiko la kijiji, alijua kuutia unga huo chunguni usifanye madonge. Uji wake ulibaki mzito na laini, maji hayajitengi juu hata ukishinda kutwa. Mhina yeye alijaliwa uso wa kuaminika: akinywa yeye, kijiji kizima kinakunywa.

Na watu wa Mkongeni, Mungu awasamehe, uji walikuwa wanaupima kwa mwiko. Mwiko ukisimama wenyewe katikati ya chungu, hicho ni chakula. Ukilala, mpishi anasemwa mpaka kwao.

Ukaja ukame. Mwenyekiti akaahidi kwamba atakayekifikisha kijiji kwenye mavuno bila mtoto kulia njaa, shamba la bondeni ni lake.

Semboja akasaga. Kidawa akakoroga, na kadiri ghala lilivyopungua akapunguza unga wa mahindi, akazidisha ule wa mkonge. Mhina akasimama mbele ya watu, akanywa bakuli la kwanza, akajilamba. Mwiko ukasimama. Watoto wakaacha kulia, kina mama wakashukuru.

Mwanjaa peke yake aliingiwa na hofu. Mwanawe, Kaniki, alikuwa anashiba, lakini haombi tena kwenda kucheza. Na akimbeba, hamsikii mgongoni. Akaenda jikoni.

"Dada Kidawa, humu unga wa mahindi upo?"

"Mwanjaa, na wewe! Mwiko si huo umesimama?"

Akarudi nyumbani. Kimya cha watoto kikazidi kutanda kijijini, nami nawaambieni, heri kelele. Mahindi yakiwa yameanza kukomaa, Kaniki akalala tumbo limejaa, asiamke.

Wengine wote walifika kwenye mavuno. Mahindi yale machache ya ghalani yangeliwa peke yake yangekwisha mapema mno, na hilo nalo ni kweli, mtake msitake. Siku ya kutoa shamba, wale watatu wakagombana hadharani.

"Bila unga wangu mngekoroga nini?" akauliza Semboja.

"Bila mkono wangu, unga wako ungekuwa makapi ndani ya maji," akasema Kidawa.

"Na bila mimi nani angeonja?" akasema Mhina.

Mwanjaa akasimama. Hakulia.

"Mpeni shamba aliyewalisha watoto. Ila kabla hajalichukua, aje kwangu aniambie mwanangu alikuwa anakula nini."



"Mimi nilisaga tu," akasema Semboja. "Unga wangu si sumu."

"Mimi nilipika nilicholetewa," akasema Kidawa.

"Mimi nilikunywa kilekile alichokunywa yeye," akasema Mhina.

Shamba lile mpaka leo halina mwenyewe, na Mwanjaa mpaka leo haufungi mlango wake.

Haya, nyinyi mlionyamaza hapo. Wewe ungempa nani shamba, na ungemtuma nani kwa Mwanjaa? Na msiniambie wote watatu, kwa sababu anayengojewa pale mlangoni ni mmoja.